Mistari ya Kwenda Kisogoni

Dawati lilimkataa mapema. Lilichongwa kwa magoti ya watoto wa miaka kumi na mitatu, na magoti ya Mama Chanuo yalikuwa ya mtu aliyesimama nusu ya umri wake juu ya sakafu ya saluni: mapana, mazito, yenye maoni yao wenyewe. Akayaingiza kwa mbele, yakagoma. Akayaingiza kwa ubavu, benchi likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na darasa zima likageuka kumtazama. Binti yake, aliyekaa kando, aliliinamia daftari kwa namna ya mtu anayetafuta ndani ya kurasa mlango wa kutokea.

"Karibu, mzazi," alisema mwalimu wa hisabati bila kucheka, na huko kutocheka ndiko kulikouma.

"Ahsante, mwanangu," akajibu kwa mazoea, maana mwalimu alikuwa na shingo changa na shati ambalo bila shaka lilipigwa pasi na mama yake. Darasa likapasuka kwa kicheko. "Yaani... ahsante, mwalimu."

"Mama," binti alinong'ona, "unanyoosha mkono kwanza, ndipo unaongea."

"Hata kushukuru?"

"Hata kushukuru."

Mama Chanuo akanyoosha mkono. Mwalimu alipompa ruhusa, akawa hana tena la kusema, akaushusha.

Alikuwa pale kwa amri ya kanuni. Shule ya kati ya mtaa wao ilikuwa na kijitabu kilichoitwa Mwongozo wa Mwanafunzi na Mzazi, na humo iliandikwa kwamba mwanafunzi akichelewa mara tatu katika mwezi mmoja, mzazi wake atakaa naye darasani kutwa nzima, akifuata taratibu zote zinazomhusu mwanafunzi. Waliotunga kanuni hiyo labda waliamini kwamba aibu ya mzazi ni saa ya kuamshia mtoto. Lakini Mama Chanuo hakuwa na aibu tu. Alikuwa amechanganyikiwa, amechanganyikiwa kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba paka wake ameonekana akiogelea.

Kwa sababu binti yake alikuwa hachelewi.

Hilo ndilo alilomwambia mwalimu wa nidhamu siku alipoitwa ofisini, wiki moja kabla. Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Rula, kwa kuwa kila asubuhi alisimama langoni na rula yake ndefu, akipima urefu wa sketi na unyoofu wa nywele, na mkasi ukichungulia mfukoni.

"Mwalimu, mimi ndiye ninayemfungulia mlango," alisema. "Anatoka jirani hajawasha jiko. Kutoka kwangu mpaka hapa ni mwendo wa kumaliza pipi moja, tena pipi yenyewe uwe unaitafuna."

"Mama, mimi ndiye ninayesimama langoni. Anafika kengele ya pili imeshalia. Macho yangu hayanidanganyi."

"Na yangu si ya kuazima."

Rula akaiweka rula yake mezani. Hakuwa mtu mkali, ukimwona kwa karibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekabidhiwa ukali na kuagizwa aurudishe mwisho wa mwaka ukiwa mzima. "Basi, mama," alisema taratibu, "kati ya mlango wako na lango langu pana kitu. Utakaa naye siku moja, mtazamane, mzungumze. Lakini nikwambie ukweli: akichelewa tena baada ya hapo, anasimamishwa mpaka muhula uishe. Na mitihani ya kuvukia ngazi ya juu haitamsubiri. Atarudia mwaka."

Kurudia mwaka. Mama Chanuo alitoka ofisini akiwa amelibeba neno hilo kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake sokoni: asijue wa kumrudishia. Yeye mwenyewe aliwahi kuambiwa arudie mwaka, katika umri uleule, na hakurudia. Alikwenda "kusaidia kidogo" kwenye saluni ya shangazi yake, na kusaidia huko kidogo ndiko kulikomzeesha. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena. Baba wa mtoto alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, akapotelea nayo hukohuko. Ndiyo maana nyumbani kwake palikuwa na kanuni moja tu, isiyoandikwa popote na isiyohitaji rula: binti asiguse kichwa cha mtu. Afagie nywele sakafuni, achemshe maji, akunje taulo, awachekeshe wateja kwa domo lake lililompa jina la Chiriku. Lakini chanuo, hapana. "Mikono yangu imetosha kwa ukoo mzima," alimwambia. "Yako ishike kalamu."

Jioni ya siku ile ya ofisini alimhoji binti yake, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, kisha tena kwa upole maana ukali haukuzaa kitu.

"Unapita wapi?"

"Sipiti popote, mama."

"Basi unakaa wapi?"

Chiriku, ambaye angeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta ukaomba radhi, alikunja kwanza taulo moja, kisha nyingine. Halafu akasema: "Nikikwambia utakasirika. Nisipokwambia utakasirika. Afadhali ukasirike bila kujua."

Saluni nayo ililipokea jambo hilo kwa mikono yote. Dada Mkasi, msusi mwenzake wa kiti cha pili, alikifungua kile kijitabu wakati Mama Chanuo akiwa kazini, akakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"'Mzazi ashiriki kikamilifu katika kazi za nyumbani za mwanawe.' Haya, vizuri. Ngoja, upande wa pili: 'Kazi za nyumbani zifanywe na mwanafunzi peke yake. Mzazi asiingilie.' Sasa unashiriki vipi bila kuingilia? Unasimama mlangoni unapiga makofi?"

"Labda unapepea kwa mbali," alisema mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akipaza sauti kama walio chini ya mashine hizo wanavyopaza.

"Sikiliza hii. 'Mzazi ahakikishe mwanawe anafika shuleni salama.' Na hapa chini yake: 'Wazazi hawaruhusiwi kukaribia eneo la lango nyakati za asubuhi.'"

"Usalama huo unauhakikisha kwa darubini!"

Walicheka, na Mama Chanuo akacheka pamoja nao, maana kicheko ni nusu ya kazi kwenye saluni. Kipengele cha nywele hakuhitaji kusomewa. Alikijua kuliko jina la baba yake: mistari iliyonyooka ya kwenda kisogoni, bila uzi, bila shanga, bila nywele za kuongezea, asiyeweza kusuka, anyoe, na ni marufuku kusukana ukiwa umevaa sare. Kipengele hicho kilimletea foleni mlangoni kila shule zilipofungua. Hakuwahi kujiuliza kilikuwa na maana gani. Mvua nayo haiulizwi.

"Dada, tusifichane," alisema Dada Mkasi akikifunga kijitabu. "Binti wa umri ule akipotea kati ya mlango na lango, aliyepotea naye ana ndevu mbili tatu za kwanza. Siku ya kukaa darasani usitazame ubao. Tazama wavulana."

Kwa hiyo, ile siku ya dawati, Mama Chanuo hakutazama ubao. Alimchunguza mmoja baada ya mwingine. Wa dirishani alikuwa anachokonoa pua kwa moyo wote. Akamtoa katika orodha ya washukiwa. Wa nyuma alikuwa mrefu na mzuri, lakini hakugeuza shingo upande wa Chiriku hata mara moja, naye Chiriku hakumtazama. Kufikia kipindi cha pili wote walikuwa wamehukumiwa kutokuwa na hatia, na mkuu wa upelelezi alikuwa amebanwa na haja ndogo. Ikambidi anyooshe mkono, aitwe mbele, apewe kibao cha mbao cha kuvaa shingoni kilichoandikwa RUHUSA, na atembee nacho korido nzima akipita mbele ya madarasa manne yenye madirisha. Njia nzima alijiuliza hivi shule inafundisha nini hasa, na kama ni hicho, ameishi vipi bila kukijua.

Aliporudi ndipo alipokiona kichwa.

Kilikuwa kimekaa mbele yake tangu asubuhi, lakini alikuwa na shughuli ya wavulana. Kichwa cha msichana mwembamba aliyekaa wima, asiyegeuka. Mistari yake ilitoka usoni kwenda kisogoni kama maji yanavyotoka juu ya paa, myembamba, ya ukubwa mmoja, ngozi katikati yake imepasuliwa sawa kana kwamba kwa wembe. Mama Chanuo alisahau mitihani, akasahau Rula. Alisogea mbele mpaka dawati likanung'unika. Ilikuwa kazi ya jana, si ya leo. Ilikuwa imelaliwa, lakini aliyelala nayo alilala kama mtu anayeatamia mayai. Na nywele zenyewe zilikuwa laini, zenye kuteleza, za aina inayowaliza wasusi. Bila uzi hazikai hata siku mbili. Aliyezikamata hivi ana vidole. Tena, akiangalia vizuri, ufumaji ulizungukia upande usio wa kawaida. Msusi huyu alikuwa na mashoto.

Wivu ukamshika. Mtaa mzima ulikuwa na wasusi wanne, na yeye aliwajua wote, pamoja na madeni na madoa yao. Hakuna mwenye mashoto. Basi kuna mtu mpya kaja, kajificha, na anawachukua wateja wa shule chinichini! Alimtafuta msusi huyo kichwani kwake mtaa kwa mtaa, na kando yake, kwa kalamu iliyoshikwa na mkono wa kushoto, binti yake alikuwa anakokotoa eneo la pembetatu na kulikosea.

Wakati wa mapumziko alimkuta msichana yule peke yake karibu na bomba la maji.

"Hujambo, mwanangu. Nani kakusuka?"

Msichana alipandisha kiganja juu ya sikio la kushoto, haraka, kama aliyeumwa na mdudu. "Mtu tu."

"Huyo Mtu Tu ana saluni wapi?"

"Hana saluni."

"Anakuja nyumbani?"

"Mama!" Chiriku alitokea hapo kama aliyerushwa, akamshika mama yake mkono. "Hairuhusiwi kuzungumzia nywele wakati wa mapumziko."

"Hiyo ni kanuni ya ukurasa gani?"

"Ukurasa ambao hujaufikia."

Wakipita uwanjani, msichana mwingine aliyekuwa anaruka kamba alipaza sauti: "Fundi, mpe mama shikamoo yangu!" Chiriku akatikisa kichwa kumkataza.

"Fundi wa nini?" aliuliza Mama Chanuo.

"Wa hesabu."

Naye Mama Chanuo akafurahi, akaiamini furaha yake, akaisahau ile pembetatu. Jioni walirudi nyumbani wakiwa wamemaliza adhabu bila doa. Rula mwenyewe aliwasindikiza mpaka langoni, akasema, "Natumaini mmeelewana." Mama Chanuo akajibu ndiyo, kwa sababu hakujua jibu lingine la kumpa mtu aliyeshika rula. Usingizini aliota anapita koridoni na kibao shingoni, na kila mlango aliougonga ulikuwa wa nyumba yake.

Kesho yake alimfungulia mtoto mlango kama kawaida, akampa baraka za kawaida, akaufunga. Kisha akalivaa koti alilolisahau Dada Mkasi, akajifunika kichwa, akatoka.

Mtaa ulikuwa bado unapiga miayo. Fundi wa matairi alikuwa anazitoa nje bidhaa zake, moja moja, akizipanga kama mtu anayepanga vikombe. Mwanamke mmoja alimwaga maji machafu, akamkosa kidogo, akamwomba radhi bila kujua kamwomba nani. Mbele, begi la Chiriku lilikuwa linadundadunda mgongoni mwa mtu mwenye haraka ya kweli. Halikusimama popote. Halikuzungumza na yeyote mwenye ndevu. Lilifika kona ambayo lango la shule linaonekana, na badala ya kunyoosha likakata kulia, likaingia nyuma ya karakana ya seremala.

Mama Chanuo akakaza mwendo. Haya. Ndiyo hapa.

Alijibanza kwenye rundo la mbao, akachungulia.

Juu ya gogo, katikati ya maranda, alikaa yule msichana wa dawati la mbele. Kitambaa alichojifunika kichwani njiani kilikuwa mapajani. Mistari yote ya jana ilikuwa imeshafumuliwa, na nywele zake laini zilisimama ovyo kuzunguka kitu ambacho Mama Chanuo alichelewa kukielewa: kovu pana, la kung'aa, lililoanzia juu ya sikio la kushoto likapanda mpaka karibu na utosi, lisilo na unywele hata mmoja. Nyuma yake alisimama Chiriku, kitana mdomoni, sare imekunjwa mikono, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unakwenda.

Unakwenda. Mama Chanuo hakupata neno lingine. Aliuona mkono ule ukichota nywele, ukizigawa, ukizivuta kutoka mbali na kuzilaza juu ya lile kovu kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka, na mstari ukatokea umenyooka, umepita juu ya mahali pasipokuwa na kitu, kana kwamba chini yake pana kila kitu. Na domo nalo lilikuwa kazini:

"Tulia wewe, kichwa si cha kuazima. Jana umelalia upande gani? Nilikwambia ulale kama maiti, wewe ukalala kama samaki. Ndiyo maana huku kote kumeteleza."

Yalikuwa maneno yake. Neno kwa neno, yalikuwa maneno ya Mama Chanuo kwa wateja wake, na hakukumbuka kuyafundisha.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka pia, na hili lilimtia hofu, kusogea karibu aone vizuri jinsi mtoto anavyokipindisha kidole cha mwisho anapofunga. Hakujua ameibiwa au amepewa. Aliyemkataza mtoto asiguse kichwa cha mtu alikuwa amesimama nyuma ya mbao, na aliyekatazwa alikuwa anasuka vizuri kuliko yeye alivyosuka katika umri wa miaka ishirini. Sasa katika hali hiyo mzazi anatakiwa kufanya nini? Mwongozo haukuwa na kipengele.

Kengele ya kwanza ililia, ile ya kuonya. Mama Chanuo akatoka.

Msichana alikirukia kitambaa, akajifunika. Chiriku alibaki na mkono hewani.

"Mama."

"Ndiyo mimi."

"Sio... hatufanyi kitu kibaya."

"Najua mnachofanya. Nina macho." Akamgeukia msichana. "Toa kitambaa, mwanangu. Mimi nimeviona vichwa vingi kuliko daktari."

Msichana hakukitoa. Alisema akiitazama ardhi: "Ni maji ya moto. Nilikuwa mdogo. Baba anajua kunyoa tu, na huwa analinda usiku, anarudi nimeshatoka. Kule nilikosoma kwanza nilinyolewa. Walikuwa wananiita Ramani." Akapangusa pua. "Kila mtu alikuwa ananionyesha nchi yake."

Mama Chanuo akampangusa maranda begani.

"Na wewe kwa nini unachelewa," alimwuliza binti yake, "yeye hachelewi?"

"Yeye anatangulia. Tukiingia pamoja Mwalimu Rula atajua nani kamsuka, na ni marufuku kusukana na sare. Mimi nabaki nakusanya nywele, nasubiri apite."

"Wiki zote hizi?"

"Hazikai, mama. Umeziona zilivyo. Bila uzi hazikai."

"Ungeniambia mimi nikamsuka."

"Aliniapisha nisimwambie mtu." Chiriku aliurudisha mkono kichwani kwa mwenzake, akatafuta mstari kwa kidole. "Na wewe ulisema nisiguse kichwa cha mtu. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Swali hilo lilikuwa na jibu mahali fulani, lakini si nyuma ya karakana, wala si asubuhi ile. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Nusu ya pili, nusu yenye kovu, ilikuwa na mistari miwili tu. Kutoka kule langoni ilisikika sauti ya Rula ikiwahimiza wanaokuja wakimbie.

"Nenda," alisema Mama Chanuo.

"Sijamaliza."

"Utasimamishwa. Utarudia mwaka. Umesikia? Mwaka mzima!"

"Na yeye akipita hivi langoni atakatwa hizi zilizobaki, mbele ya watu wote." Mikono haikusimama hata wakati wa kusema hivyo. Hakuwa anabishana, alikuwa anaeleza, kwa sauti ya mtu aliyeshika kazi asiyopenda kukatizwa, na Mama Chanuo aliitambua sauti hiyo kwa sababu huitumia kwa watoza ushuru. Hapo akaelewa kwamba mtoto huyu hatakwenda. Hata kengele ikilia, hata aitwe na rais. Atabaki hapa mpaka mstari wa mwisho ufike kisogoni, kisha atakwenda kusimamishwa shule akiwa mtulivu kabisa.

"Lete kitana."

"Mama, hutaweza..."

"Sitaweza nini? Mimi? Lete!"

Chiriku alisita. Akakiangalia kitana, akakiangalia kichwa, akakitoa polepole kama mtu anayemkabidhi mgeni mtoto mchanga. "Hapa usivute, panamuuma. Na mstari unaofuata uuanzie chini kidogo, usiuanzie hapo juu. Ukianza juu nywele hazitatosha kufunika. Uzilaze kwanza, ndipo ukaze."

"Nimesikia."

"Usikaze kama unavyowakaza wale wa harusi."

"Wewe! Nimesikia. Kimbia!"

Akakimbia. Begi likadunda, likapinda kona. Mama Chanuo alinyanyuka kwa ncha za vidole, akaliona likivuka barabara, likipita chini ya mkono wa Rula ulionyooshwa, likimezwa na lango. Ndipo kengele ya pili ikalia, na lango likafungwa kwa ule mlio wa chuma unaojua kwamba umeshinda.

Msichana alikuwa ameshatoa kitambaa.

"Na wewe sasa umechelewa," Mama Chanuo alimwambia.

"Ni mara ya kwanza," alisema msichana. "Bado ninazo mbili."

Mama Chanuo alisimama nyuma yake, mahali palepale aliposimama mwanawe, maranda yakiwa bado yamebonyea kwa viatu vidogo. Alikuwa mahali ambapo mzazi haruhusiwi kuwa, akifanya kitu kinachoruhusiwa kila mahali isipokuwa hapo, na kama Rula angepinda kona ile asingejua aanze kumweleza nini. Akakigusa kichwa. Mistari ya Chiriku ilikuwa bado na joto la mkono wake. Alifikiria kuifumua yote aanze upya, kwa mkono wake wa kulia, kwa njia yake. Kazi ya watu wawili juu ya kichwa kimoja huonekana, na yeye hajawahi kutoa mlangoni kwake kazi inayoonekana. Kidole chake kikaenda mpaka mwanzo wa mstari wa kwanza, kikakaa hapo.

Hakuufumua. Alichota nywele kutoka chini kidogo, pale alipoonyeshwa. Alizilaza kwanza. Akajaribu kuzungusha kwa upande usio wake, na vidole vyake viwili vilivyopinda vikakataa, vikateleza, vikaachia. Akaanza tena. Ulikuwa ugumu wa kitoto, ugumu alioudhani umekwisha duniani, na kwa muda alikuwa hajui kusuka.

Kutoka shuleni ilivuma sauti ya madarasa yakiitikia salamu ya walimu, sauti nyingi zilizofungwa pamoja. Alitega sikio amsikie mmoja. Hakuweza kumchambua.

"Mama Chiriku," msichana aliuliza bila kugeuka, "kesho utakuja wewe, au atakuja yeye?"

Mama Chanuo alifungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi, lilikuwa hapohapo, lilikuwa neno moja. Na lilipofika kwenye ulimi yakawa mawili, yakasukumana mlangoni, hakuna lililopita. Mstari ulikuwa umefika pembeni ya kovu. Kutoka hapo kwenda mbele hapakuwa na nywele za kumwongoza, palikuwa na ngozi tu, laini, ya kung'aa, na upande wa pili, mbali kidogo, nywele zilizosubiri.

"Geuka kidogo," alisema. "Huku kwenye mwanga."